Pamba Nyuma ya Taa

Shuleni, Dar es Salaam
3 Agosti 1953

Mjomba Kitwana, shikamoo.

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote. Ningekuwa na ujasiri ningekwambia kwa mdomo siku ile uliponileta shuleni na lori. Tulikaa kiti kimoja saa nne nzima, wewe ukiimba, na kila nilipotaka kusema ulimi wangu ulikuwa mzito. Kwa hiyo naandika.

Babu alipomaliza bodi mpya ya lori la Bwana Alawi, ile ya mvule, alikwenda msibani Kaole akaniacha karakanani peke yangu. Siku hiyo nilifungua taa zote za lori, za mbele na za nyuma. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba chumvi ya bahari hula chuma, nami nilikusikia ukilalamika kwamba kila mwaka taa zinaoza kwa kutu kwa sababu unapakia chumvi. Basi nikafanya kama Babu anavyoziba mashua. Nilichukua pamba ya kalafati, nikailowesha katika sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua zisioze, nikaishindilia kati ya kila taa na chuma inapokaa. Bolti nazo nilizizungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta hayohayo. Kisha nikazirudisha taa na kuzikaza vizuri. Waya sikugusa hata mmoja.

Ni zawadi yangu kwako. Sina nyingine.

Tafadhali usimwambie Babu. Unajua kanuni yake: ubao ni wetu, chuma kina wenyewe. Alinikataza mara mbili kugusa chuma cha lori lile, nami nikaitikia "ndiyo Babu" mara zote mbili.

Nisalimie nyumbani wote.

Mpwa wako,
Mikidadi


Bagamoyo
11 Agosti 1953

Mpwa wangu Mikidadi, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mwandiko wako ni mdogo kama sisimizi waliopanga mstari. Mimi kuandika nilifundishwa na sajini kule Burma, ndiyo maana herufi zangu zinasimama kama askari walevi. Utavumilia.

Ahsante kwa zawadi. Hata mke wangu hajawahi kunifikiria hivyo. Siri nimeimeza, Baba hatasikia kwangu.

Sasa wewe msomi nisaidie, maana nina taabu. Taa za lori zimekuwa na wazimu tangu niliporudi kutoka huko kukuleta. Ya mbele kushoto inawaka kama kaa linalotaka kuzimika. Ya kulia inawaka inapopenda. Lakini hiyo si kitu. Nikikanyaga breki, taa ya nyuma badala ya kung'aa inazimika, na taa mbili ndogo za mbele, ambazo sijaziwasha, zinawaka zenyewe kidogo kidogo! Nimemwita Kibwana, utingo wangu, aje aone. Akaangalia, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Dereva, hili limeingiwa na pepo. Linataka ubani." Nikamwambia, "Ubani gani, mwanaharamu wewe, shika tochi!" Lakini ukweli hata mimi nywele zilinisimama.

Juzi magharibi polisi wa barabarani walinisimamisha. Wamempa Bwana Alawi mpaka mwisho wa Septemba apeleke lori likaguliwe, na lisipopita halitembei tena. Bwana Alawi amenitazama usoni akasema, "Kitwana, dereva asiye na taa hana kazi." Basi ndivyo hali ilivyo. Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Kitwana


Shuleni, Dar es Salaam
14 Agosti 1953

Mjomba, shikamoo.

Nimeazima kitabu cha umeme kwa mwalimu wetu wa sayansi. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza kama nimetumwa.

Lori halina pepo. Pepo hawatumii betri. Kitabu kinasema mtu asikisie, aondoe sababu moja baada ya nyingine, na abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi, na kila hatua uniandikie ulichoona.

Kwanza tazama betri. Kama vichwa vyake vina unga mweupe, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, vikauke, kisha ukaze waya.

Pili, toa globu ya taa ya mbele ya kushoto uitie kulia, na ya kulia uitie kushoto. Kama ufifi utahama pamoja na globu, globu ndiyo mbovu. Kama utabaki kushoto, globu ni nzima na ubaya uko kwenye taa au njia yake.

Tatu, fuata waya kwa vidole tangu swichi mpaka taa ya nyuma, uone kama umechubuka mahali.

Nasikitika kwamba umepata taabu hii baada tu ya mimi kuzikinga taa. Lakini angalau kutu tunajua si sababu.

Mpwa wako,
Mikidadi


Bagamoyo
24 Agosti 1953

Mpwa wangu, marahaba.

Idi ilipita salama. Bibi yako alikuwekea vipande vya nyama mpaka akakumbuka hupo, akampa Kibwana.

Nimefanya yote. Betri ilikuwa na unga mweupe, nimeiosha, lori linawaka kwa mpigo mmoja lakini taa ni zilezile. Globu nimezibadilisha. Ufifi ulibaki kushoto. Waya nimeufuata kwa vidole mpaka nimelala chini ya gari nusu siku, kuku wakitembea juu ya miguu yangu. Haukuchubuka popote.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo tu. Bwana Alawi amepata sababu yake mwenyewe. Anasema taa zilikuwa nzima mpaka lori lilipopelekwa kwa fundi wa mashua, na kwamba Mzee Bwanausi ametoboa waya kwa keekee yake alipofunga mbao. Amelisema hilo kwenye baraza ya washonaji, mbele ya watu. Unamjua baba yangu. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, akakiweka chini taratibu, akasema, "Alawi, hakuna mkono wa karakana yangu uliogusa taa wala waya wa gari lako." Tangu hapo amelisema neno hilo kila mahali anapoulizwa. Sokoni amelisema. Pale forodhani wanapopakua mizigo amelisema. Watu wawili waliokuwa wamletee mashua zao kufungwa mbao mpya wamesema watangoja kwanza.

Mikidadi, nilikuwapo aliposema. Niliikumbuka barua yako, nikanyamaza. Nilijiambia, mtoto hakugusa waya, amepaka mafuta tu, na mafuta hayazimi taa. Lakini "taa wala waya," Baba alisema. Taa uligusa. Moyo wangu haukukaa vizuri hata kidogo.

Tafuta ubaya uliko, mwanangu. Ukipatikana mahali pengine, maneno yote haya yatakwisha.

Kitwana


Shuleni, Dar es Salaam
28 Agosti 1953

Mjomba, shikamoo.

Nakuomba ujaribu jambo moja, nami naomba lishindwe.

Jana mwalimu wa sayansi alileta betri ndogo, globu na vipande vya waya. Alimwita mwenzetu aunge waya mmoja tu kutoka betri hadi globu. Haikuwaka. Akasema, "Umeme ni kama mjumbe. Haendi safari isiyokuwa na njia ya kurudi." Akaunga waya wa pili, wa kurudi, ikawaka. Kisha akasema kwamba kwenye gari hakuna waya wa pili. Njia ya kurudi ni chuma chenyewe. Umeme huenda kwenye taa kwa waya, hurudi kwenye betri kwa kupita mwili wa taa, bolti zake na fremu ya gari.

Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi sikuandika kitu.

Akauliza kama kuna mwenye swali. Sijapata kuuliza swali darasani tangu nije shule hii. Nilinyanyua mkono. Nikauliza, "Na kama kati ya taa na fremu mtu ametia pamba yenye mafuta?" Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema umeme ukikosa njia yake hutafuta ya mwenzake. Wa breki unaweza kurudi kinyumenyume kwa kupitia taa nyingine, nazo zitawaka kidogo bila kuwashwa na mtu.

Chukua kipande cha waya. Kwangua mwili wa taa ya mbele ya kushoto mpaka uone chuma cheupe, kwangua na fremu hivyohivyo. Washa taa. Kisha gusisha ncha moja ya waya kwenye mwili wa taa na nyingine kwenye fremu. Kama hakuna kitakachobadilika, mimi sina kosa. Kama itang'aa, usimwambie mtu bado. Niandikie mimi.

Mikidadi


Chalinze
5 Septemba 1953

Mpwa wangu,

Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshapanda lori kuja huku kufuata mahindi Ubena. Natembea mchana tu. Karibu na Chalinze springi ya nyuma ikakatika, na mpaka nyingine itoke Morogoro mimi nimekwama hapa wiki nzima, nalala juu ya magunia kando ya duka la chai. Kibwana amekwishapata marafiki kumi, mimi nimepata mbu.

Nimejaribu. Nilikwangua kama ulivyosema, nikawasha, nikagusisha waya. Taa ikang'aa mpaka nikafumba macho. Nikaondoa waya, ikawa kaa. Nikarudisha, ikang'aa. Kibwana alipiga makofi, mwenye duka akatoka nje. Nilifanya hivyo mara sita, kila mara nikitumaini itakataa.

Sasa sikia lililo zito. Siku mbili kabla sijaondoka, Bwana Alawi alimwambia Baba mbele ya watu, "Kama ni kweli, kula yamini." Baba akajibu hapohapo, "Ijumaa ya tarehe kumi na moja, baada ya swala, nitashika Msahafu." Ana miaka sitini na minane. Hajawahi kuapa maishani mwake, hata kwenye ugomvi wa mipaka ya shamba na kaka yake. Anakubali kwa sababu anajua anasema kweli. Anafurahi, Mikidadi! Amemwambia Bibi amfulie kanzu ile ya Idi.

Nilikuahidi kuficha siri na sijui namna ya kuvunja ahadi kwa mtoto. Na ningetaka kuivunja nisingeweza, nipo huku na lori halitembei. Barua hii nampa dereva wa basi la Dar es Salaam, ameapa (huyu naye ameapa!) ataifikisha mwenyewe.

Sikulaumu. Ulitaka kunifaa. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyenyamaza barazani, mtu mzima na ndevu zangu.

Kitwana


Shuleni, Dar es Salaam
9 Septemba 1953, Jumatano

Mjomba,

Barua imefika jana. Sijui kama hii itakukuta Chalinze, lakini nikiandika natulia.

Nimefikiri hivi. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba mtu akiapa kwa jambo analoamini ni kweli, kisha likawa sivyo, yeye hana dhambi. Kwa muda nilifurahi, nikasema basi Babu atakuwa salama. Kisha nikaona dhambi haiwezi kupotea hewani. Itakuwa ya yule aliyejua.

Na hata bila dhambi, siku moja mtu atafungua taa zile na kukuta pamba ya kalafati. Bagamoyo nzima inajua nani anatumia pamba ya kalafati. Watasema Mzee Bwanausi aliapa uongo na Msahafu mkononi. Atakuwa hana la kujibu, kwa sababu pamba ni yake.

Kumwandikia Babu sithubutu. Barua yangu atasomewa na jirani, na haifiki kabla ya Ijumaa. Inanibidi niende. Leo nimekwenda kwa mwalimu mkuu mara tatu. Mara ya kwanza nilirudi kabla ya kufika mlangoni. Mara ya pili nilibisha, akasema "ingia," nikakimbia. Mara ya tatu nilikuwa nimeandika ombi langu kwenye karatasi. Akalisoma, akaniuliza, "Babu yako ni mgonjwa?" Nikasema, "Hapana bwana. Anataka kuapa." Alinitazama sana. Amenipa ruhusa tangu Ijumaa asubuhi mpaka Jumapili jioni.

Mikidadi


Shuleni, Dar es Salaam
14 Septemba 1953

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nilivyofanya, kwa mpangilio, ili usiyasikie kwa watu kabla ya kwangu.

Ijumaa basi lilichelewa, tulikwama kwenye mchanga wa mto. Nilipofika msikitini swala ilikuwa imekwisha na watu walikuwa barazani, labda thelathini. Babu alikuwa amevaa kanzu aliyofuliwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa ameshika Msahafu katika kitambaa chake. Bwana Alawi alikuwa amekaa na bakora magotini. Njia nzima nilijifunza maneno ya kusema, na nilipofika pale yote yalipotea. Nilichoweza ni kupenya katikati ya watu na kumshika Babu mkono wa kanzu.

Akageuka. "Mikidadi? Wewe si upo shuleni?"

"Babu, usiape."

"Nisiape kwa nini?"

"Taa niligusa mimi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Sema kwa sauti, kijana, nasi tusikie." Nikasema tena, kwa sauti. Nikaeleza siku ya msiba wa Kaole, pamba, sifa, bolti, na ule waya wako wa Chalinze. Bwana Alawi akapiga bakora chini. "Lori langu limefanywa mtumbwi!" Watu wakacheka. Babu hakucheka.

Aliniuliza jambo moja tu. "Nani mwingine alijua?"

Mjomba, nisamehe. Nilisema wewe ulijua nilipaka, lakini hukujua kama ndiyo sababu, na kwamba mimi ndiye niliyekufunga mdomo kwa ahadi. Sikutaka kumaliza uongo mmoja kwa kuanza mwingine. Babu alitikisa kichwa polepole. Sikuweza kuusoma uso wake. Ukirudi nenda kwake kwanza, kabla ya kwenda kwako.

Kisha akamgeukia Mwalimu akamwambia, "Rudisha Msahafu mahali pake. Mtoto ameniokoa na jambo kubwa." Akamwambia Bwana Alawi, "Mkono ulikuwa wa karakana yangu. Ulisema kweli, nami nilikukatalia mbele ya watu. Niwie radhi." Bwana Alawi akasema hakusema habari ya pamba, alisema keekee, kwa hiyo na yeye alikosea. Akasema ataliona lori likirudi ndipo ajue. Lakini alisimama akampa Babu mkono.

Nilidhani Babu atanipiga tukifika nyumbani. Hakunipiga. Bibi alileta chakula, akala, akanawa, ndipo akasema, "Unajua kilichoniuma? Si pamba. Pamba umeifunga vizuri, nadhani. Kwa muda wa wiki tatu nimetembea mji huu nikiwaambia watu neno ambalo si kweli, na wewe ulikuwa nalo mfukoni."

Nikasema, "Nilikuwa sijajua kama ndiyo sababu, Babu."

"Ulijua uligusa."



Akasema, "Neno lile nililipeleka baraza ya washonaji, sokoni, na forodhani. Watu wa msikitini wamesikia, wale hawajasikia. Mimi nililipeleka. Wewe utakwenda kulirudisha."

"Pamoja nawe, Babu?"

"Peke yako. Mimi nina mbao za kuranda."

Bibi alitaka kunitetea, akasema, "Mwanamume wewe, mtoto huyu hata jirani akimwamkia anajificha nyuma ya mlango." Babu akasema, "Basi atatoka nyuma ya mlango."

Kabla sijakueleza yaliyofuata, haya ndiyo ya kufanya kwenye lori. Fungua taa zote. Toa pamba yote na uzi wote wa bolti. Osha mafuta kwa petroli mbali na moto. Sugua kwa msasa pale taa inapogusana na chuma, na chini ya vichwa vya bolti, mpaka chuma king'ae. Kaza chuma kwa chuma. Ukishaona zinawaka, ndipo upake grisi kwa nje tu. Kama moja bado inafifia, rudia ule mtihani wa waya, utakuonyesha ilipo. Mwalimu wa sayansi ameusoma mpango huu na kuusahihisha mahali pamoja.

Jumamosi asubuhi nilianza kwa washonaji. Nilisimama kando mpaka cherehani mbili ziliponyamaza. Nikasema, "Shikamooni. Mimi ni Mikidadi, mjukuu wa Mzee Bwanausi. Aliwaambieni hakuna mkono wa karakana yake uliogusa taa za lori. Hakujua. Niligusa mimi, akiwa hayupo, na alikuwa amenikataza." Mmoja akasema marahaba, mwingine akaniuliza kama nimekula. Nikaenda sokoni. Pale walinicheka, na mwanamke mmoja muuza samaki akaniambia mafuta ya papa yamekwishapata bei mpya kwa ajili yangu. Nilisema maneno yaleyale mpaka mwisho.

Forodhani walikuwa wengi, na wapagazi hawakusimama kunisikiliza, kwa hiyo niliyasema mara nne kwa makundi manne. Kundi la mwisho walitaka kuelewa taa zilizimikaje. Nilichora mchangani betri, waya, taa na fremu, nikawaonyesha umeme unavyokwenda na unavyorudi, na pamba ilipokaa. Walichutama wakatazama. Mzee mmoja aliuliza maswali matatu, nikayajibu yote.

Adhuhuri nilirudi karakanani nikamwambia Babu nimemaliza. Akauliza nilisema kwa watu wangapi, nikamwambia. Akanielekeza ubao wa kuranda, nikaranda mpaka alasiri. Jumapili nilimuaga Bibi, nikatembea mpaka kituoni, nikapanda basi.

Mpwa wako,
Mikidadi